Nafasi ya Mshono

Kijana anaitwa Erasto. Shati lake limezidi inchi moja begani,
nimeliona kabla sijaketi.
Saa nne Upanga, jua dirishani kama pasi.
"Mama Mwantumu," anasema, "leo hatupimi presha.
Leo tunapima woga."

Nikacheka. Miaka thelathini na nane Mtaa wa Swahili
nimepima viuno vya waliobana pumzi waonekane wembamba,
nimepima mabega ya bwana harusi anayetetemeka.
Woga hauna kiuno, mwanangu.
Futi kamba utaizungushia wapi?

Ana sentensi kumi na saba.
Moja, sikubali kabisa. Nne, nakubali kabisa.

*Moyo ukinienda mbio, najua kuna hatari.*
Andika nne.
Lakini andika na pembeni:
zamani ukinienda mbio nilijua ni Kondo
anapita na baiskeli yake.

*Ni salama zaidi nisijitikise.*
Tatu. Hapana, nne.
Kitambaa kisichokatwa hakiharibiki.
"Wala hakivaliwi," anasema kijana,
kisha anaona haya, anatazama kalamu.

*Nyumbani wanaijali hali yangu.*
Wanaijali mno. Mjukuu amenipokonya ndoo.
Kondo halali tena ubavuni mwangu,
hulala ukingoni kama mgeni aliyeazimwa kitanda,
na usiku, akidhani nimelala,
huniwekea kiganja chini ya pua.
Karatasi yako haina sentensi ya Kondo.
Woga wake nani anaupima?

*Naweza kufanya kazi zangu zote kama zamani.*
Nakubali, nikasema.
Hapo nilidanganya.

Cherehani yangu ni ya miguu. Nimeifunika shuka
tangu ile Mfungo Mosi, napiga pindo la gauni la watu,
kifua kikabana kama kola iliyokosewa,
mguu ukaacha, sindano ikaendelea yenyewe
vidole vitatu,
ikasimama.
Gauni limo humo bado. Mwenyewe hajalifuata,
nadhani naye anaogopa.

"Arobaini na tisa," anasema Erasto.
Kati ya ngapi?
"Sitini na nane."
Umeacha nafasi ya mshono?
Hakuelewa.
Kila kipimo huongezwa, baba. Mtu hunenepa,
hubeba mimba, hupata habari.
Arobaini na tisa ni ya saa nne asubuhi, nimekaa kitini, nawe upo.
Njoo saa nane usiku, umeme umekatika,
feni imenyamaza nasikia kifua changu mwenyewe:
njoo na karatasi nyingine, hiyo haitatosha.

Hakucheka. Aliandika, nikaona mkono ukienda,
sijui aliandika nini.
Kisha akasimama. "Twende mpaka kwenye lile tangi, turudi.
Nitakuwa pembeni yako."

Hatua arobaini kwenda. Nilizihesabu.
Ya thelathini moyo ukaanza,
nikausubiri kama mtu anayemsikia mdai kichochoroni,
amejibanza nyuma ya mlango, taa amezima.
Mdai akapita.
Hakubisha hodi.
Kurudi sikuhesabu, au nilihesabu nikasahau.

Magomeni nimefika mchana. Sikumwambia mtu.
Nimevua shuka, vumbi likanipiga chafya,
nikaweka mguu juu ya chuma.
Baridi yake ileile.
Uzi sikutia. Sikutaka kushona,
nilitaka tu kusikia.

Mara moja. Mara tano.
Mara kumi na moja, nikaacha, nikashika kifua,
nikangoja.
Tena.

"Nini hicho kinachogonga?" Kondo akauliza kutoka uani.

Nikataka kumjibu,
sikujua anauliza kipi.